Neno “je” ni letu, halikutoka Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu maelezo ya msomaji mliyoyachapisha kwenye safu ya lugha, yale yaliyodai kwamba neno “je”, hili tunalofungulia maswali, tulipewa na Wazungu. Hoja yake ilikuwa fupi: Wafaransa wana “je”, Waholanzi wana “je”, nasi tuna “je”, na kwa kuwa wao ndio waliokuja kwetu kwa meli, basi sisi ndio tulioazima. Maelezo hayo yamepigwa picha na kusambazwa kwenye makundi ya simu, na yamenifikia hadi huku Utrecht, Uholanzi, ninakoishi. Yamenikera, wala siwezi kuyaacha yapite.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kiswahili nilikisoma mpaka kidato cha sita, na kazi yangu huku ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi watoto wa Watanzania, Wakenya na Wakongo hukusanyika kwenye ukumbi wa mtaa, nami huwafundisha kusoma na kuandika Kiswahili. Mmoja wao alikuja na ile picha kwenye simu ya mama yake, akaniuliza kama ni kweli kwamba hata neno la kuulizia hatuna letu wenyewe. Mtoto mdogo haulizi hivyo kwa sababu ya kupenda sarufi. Anauliza kwa kuwa ameshasikia, tena si mara moja, kwamba lugha ya wazazi wake ni maneno ya watu wengine yaliyookotwa na kuunganishwa. Ndiyo maana naandika.

Nianze na Kiholanzi, kwa kuwa ndicho ninachokisema kutwa nzima kazini. Kwa Kiholanzi “je” maana yake ni wewe, lakini wewe isiyotiwa mkazo. Wakitaka kukaza, kama sisi tunaposema “wewe ndiye uliyeufunga mlango”, husema “jij”. Wasipotaka kukaza husema “je”. Kwa hiyo “jij” hufanya kazi ya neno letu “wewe”, na “je” hufanya kazi ya kile kiambishi “u-” tunachokitia katika “unasema” au “umefika”. Haikuishia hapo. “Je moeder” ni mama yako, kwa hiyo “je” ni -ko ya kumiliki. “Ik zie je” ni nakuona, kwa hiyo “je” ni -ku- ya mtendewa. Na tunaposema “huwezi kujua” bila kumkusudia mtu aliye mbele yetu, wao husema “je weet maar nooit”, na hiyo “je” ni mtu yeyote yule.

Kisha wana “-je” nyingine kabisa, inayobandikwa mwishoni mwa nomino ili kitu kiwe kidogo. “Huis” ni nyumba, “huisje” ni kijumba. “Boek” ni kitabu, “boekje” ni kijitabu. Hapa pana jambo ambalo Mswahili hulielewa upesi kuliko wageni wengine wanaojifunza lugha hii. Nomino za Kiholanzi zina makundi mawili, ya “de” na ya “het”, na neno likishafanywa dogo huhamia kundi la “het” hata kama lilikuwa la “de”. Kiti ni “de stoel”, kiti kidogo ni “het stoeltje”. Nasi mtoto analia, ila kitoto kinalia. Udogo umebadilisha ngeli na kila kinachoifuata ngeli hiyo. Nilipowaeleza hivyo watoto wa Jumamosi, ambao Kiholanzi wanakijua kunishinda, walianza wenyewe kutafuta mifano ya ki- na ka- na hatukumaliza hadi muda ukatuishia.

Sasa nije mahali ambapo kufanana kunaweza kumtega mtu. Mholanzi akiuliza, “je” huruka kutoka mbele ya kitenzi na kukaa nyuma yake. “Hoor je?” Unasikia? “Zie je?” Unaona? Ukiziandika sentensi hizo kando ya “waonaje” na “wasemaje”, utaapa kwamba ni kitu kimoja: kitenzi, kikifuatwa na je, na kiulizo mwishoni. Nadhani hapo ndipo mwandishi wenu aliponaswa. Lakini ondoa swali, ubakishe taarifa tu. “Hoor je?” inakuwa “je hoort”, unasikia. “Je” bado ipo, imerudi mahali pake pa mbele, kwa sababu ni mtu, na mtu haondoki kwa kuwa swali limekwisha. Kwetu, ondoa swali katika “waonaje” ubaki na “waona”. “Je” imetoweka yote, kwa sababu haikuwa mtu. Ilikuwa ndilo swali lenyewe. Aliyeulizwa yumo ndani ya “wa-” ya mwanzo. Maneno mawili yanayotenda kazi mbili tofauti kiasi hicho hayawi neno moja kwa kuwa yameandikwa kwa herufi zilezile.

Tena tazama jinsi “je” yetu inavyokaa kwenye lugha. Inafungua swali la ndiyo au hapana: “Je, mmefika?” Inasimama peke yake baada ya mtu kutajwa: “Na mimi je?” Inashikamana na kitenzi ikauliza namna: “Nifanyeje?”, “Tutafikaje?”, “Waitwaje?”, “Ilikuwaje?” Mombasa wanaamkiana “Waambaje?” Neno lililoazimwa juzi bandarini haliwi na mizizi katika pembe zote hizo za sarufi. Na Kifaransa, ambacho ndicho chenye “je” ya kusema “mimi”, hakina hata moja kati ya matumizi hayo.

Kama kufanana kwa namna hii ni ushahidi, basi mwandishi wenu angeanza na “u”, ambayo ingempa hoja nzuri zaidi. Waholanzi wana “je” kwa rafiki, mtoto na mfanyakazi mwenzako, na wana “u” kwa mtu wa kuheshimiwa. Asubuhi nikiingia chumbani kwa mzee huuliza, “Heeft u goed geslapen?”, umelala vizuri? Kumwambia “je” bibi wa miaka tisini ambaye hajakuruhusu ni sawa na kumwamkia bibi yako “mambo” badala ya shikamoo. Wengine baada ya kukuzoea husema “zeg maar je”, yaani niite tu “je”, na kuna wengine hawasemi kamwe, nasi tunaendelea na “u” hadi siku yao ya mwisho. Wana hata kitenzi cha kumwambia mtu “je” badala ya “u”, nacho ni “tutoyeren”, walichokichukua kutoka Kifaransa. Mimi naipenda “u” yao. Inanipa njia ya kumpa mzee haki yake katika lugha isiyo na shikamoo wala marahaba.

Nasi tunasema “u hali gani?” na “u mzima?” Nafsi ya pili kwao, nafsi ya pili kwetu. Je, tumeazima? Wanaoifuatilia historia ya “u” ya heshima huiunganisha na maneno “Uwe Edelheid”, yaani utukufu wako, ambayo watu wa karne ya 17 waliyafupisha katika barua zao kuwa U.E. Alama ya asili hiyo bado inaonekana: unaweza kusema “u hebt”, kama kwa nafsi ya pili, na unaweza kusema “u heeft”, kama kwa nafsi ya tatu, kwa sababu aliyekuwa akitajwa ni utukufu wa mtu, si mtu mwenyewe. Ni kama mbunge anapoulizwa usoni pake, “Mheshimiwa anasemaje?” Msafiri Mwarabu Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akaikuta miji yetu imekwisha kustawi, karne tatu kabla ya barua hizo kuandikwa. Na “u” yetu ina ndugu waziwazi. Mzulu akikuambia unataka husema “ufuna”. Mnyarwanda husema “urashaka”. Mganda husema “oyagala” na msemaji wa Kilingala husema “olingi”, u ikiwa o. Hakuna Mholanzi aliyepita kuwagawia Wazulu na Waganda kiambishi hicho. Isitoshe, Waholanzi hawaitamki u kama sisi. Midomo huibana kama ya kutaka kusema u huku ulimi ukisema i. Na Waajemi nao wana “u”, ambayo kwao ni yeye, mwanamume au mwanamke bila kubagua, kama “yeye” yetu.

Nirudi kwenye “je”, kwa sababu baada ya kulisoma lile dai nilikwenda maktaba ya Neude, katikati ya mji, ndani ya jengo lililokuwa posta kuu zamani, nikaketi na kamusi. Mwenzangu wa kazini anatoka Bosnia, na kwao “je” ni “ni” au “yuko”. “Šta je ovo?” ni hii ni nini? Wacheki na Waslovenia wanayo hiyohiyo. Wabosnia pia wana “je” ya kumtaja mwanamke anayetendewa: “vidim je”, namwona. Kwa Waalbania “si je?” ni salamu, u hali gani?, na “je” ndiyo ile “u” yetu ya “u hali gani”. Wajerumani wana “je” ya kadiri: “je mehr, desto besser”, kadiri inavyozidi ndivyo inavyokuwa bora. Kwa Wayoruba “jẹ”, yenye nukta chini ya e, ni kula. Wahangaria huibandika “-je” mwishoni mwa nomino kusema ni ya mtu fulani: “kert” ni bustani, “kertje” ni bustani yake. Nao Wakorea wana “je” ambayo ni mimi, lakini mimi ya mtu anayejishusha mbele ya mkubwa wake. Mwenye kujitambulisha kwa adabu huanza na “je”. Hata Zamenhof, aliyeitunga lugha ya Kiesperanto na kuichapisha mwaka 1887, alitengeneza kihusishi “je” kisicho na maana maalumu, cha kutumiwa pale ambapo vihusishi vingine havifai.

Wewe, mimi, ni, u, kadiri, kula, yake. Nani alimwazima nani hapo? Mkorea alimpa Mfaransa “mimi”, au Mfaransa alimpa Mkorea? Hakuna anayedai hivyo. Ni sisi tu tunaoambiwa kwamba chetu lazima kimetoka kwa mwingine, na hilo ndilo linaloniuma.

Sababu ya kugongana huko si ya ajabu. Chukua lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5. Silabi zake za konsonanti moja na irabu moja haziwezi kuzidi 100. Duniani kuna lugha zipatazo 7,000, na karibu zote zinahitaji vijineno vya mimi, wewe, yeye, ni, na, kwa, nini. Hesabu hiyo peke yake inalazimisha vijineno hivyo kukutana. Juu ya hayo, maneno yanayosemwa kila dakika huchakaa. Mrumi alisema “ego”. Mwaka 842 wajukuu wa mfalme Charlemagne walipoapishana mjini Strasbourg, kiapo kikaandikwa katika lugha iliyokuwa inazaa Kifaransa, neno hilo lilikuwa limekwisha kupungua likawa “eo” na “io”. Baadaye likawa “jo”, kisha “je”, na leo mbele ya irabu linabaki j peke yake. Kwa Waholanzi nako, “jij” imechakaa ikawa “je”. “Je” ya Wabosnia ni mabaki ya “jest”, ambayo Wapolandi wanaisema nzima hadi leo. Maneno marefu yasiyohusiana yakipunguzwa hadi silabi moja, mwisho wake huonekana ndugu.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Hiyo “je” ya Kifaransa, mimi, ina ndugu wa kweli katika Kiholanzi, lakini ndugu huyo si “je”. Ni “ik”, ambayo ndiyo “mimi” ya Waholanzi. Zote mbili zinatoka katika shina moja la kale ambalo Mrumi alilisema “ego”. Sura hazifanani hata kidogo. Vivyo hivyo “je” ya Wabosnia ni ndugu wa “is” ya Waholanzi, maana zote ni “ni”, na zote zina asili moja na “est” ya Kilatini. Kwa hiyo ndani ya Kiholanzi na Kibosnia, yanayofanana si ndugu, na yaliyo ndugu hayafanani. Mashariki mwa Norwei, katika lahaja za vijijini, watu wanasema “je” kwa maana ya mimi, na hao kweli ni jamaa wa mbali wa Wafaransa katika neno hilo. Lakini kila mmoja alifika kwenye “je” kwa njia yake, mmoja akitoka “ego”, mwingine akitoka “ek” ya watu wa kaskazini wa zamani. Undugu upo, na kufanana kwao ni sadfa. Nani angeyajua hayo kwa kutazama tu?

Na kutazama kwenyewe kunadanganya, maana ufanano mwingi niliouhesabu upo kwenye karatasi tu. Mholanzi, Mjerumani, Mbosnia, Mcheki, Mwalbania na Mhangaria wote wakiandika j wanasema y. “Je” yao ni “ye”. Mfaransa akiiandika huitoa kwa sauti ya kukwaruza ambayo sisi hatunayo. Kati ya wote niliowataja, wanaoikaribia sauti yetu ni Wayoruba na Wakorea, na hao ndio ambao hakuna aliyesema tumeazima kwao. Kumbukeni kwamba mababu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya mmisionari Mjerumani Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Katika hati hizo “je” yetu huandikwa kwa herufi iitwayo jimu. “Je” ya Mholanzi ingeandikwa kwa herufi nyingine, iitwayo “ya”. Kama tungeendelea na hati zile, dai hili lisingezaliwa, kwa kuwa hakuna jicho lingeona kitu cha kufananisha.

Nimetaja jicho, nami nataka nibaki hapo. Haiti, koloni la Wafaransa lililojikomboa mwaka 1804, watu wanasema Krioli, na katika Krioli hiyo “je” ni jicho. Mimi kwao ni “mwen”. Neno lao limetoka katika “les yeux” ya Kifaransa, macho, ambapo sauti ya mwisho ya kiambata cha wingi ilinata mwanzoni mwa neno lenyewe. Anayelinganisha kwa sura angesema: “je”, “jicho”, bila shaka Wahaiti walilibeba kutoka Afrika. Angekosea, na njia ya kuonyesha kosa lake ndiyo njia ambayo ningependa safu yenu iifuate.

Jicho letu lina ndugu, nao wako karibu. Mnyarwanda husema “ijisho”, Mganda “eriiso”, msemaji wa Kilingala “liso”, Mmalawi “diso”, Mkikuyu “riitho”. Wingi wake kwao ni “amaso”, “amaaso”, “miso”, “maso”, “maitho”. Msisimame kwenye sauti ya kwanza. Tazameni neno zima. Mbele pana alama ya ngeli, ji au li au di au ri. Alama hiyo hugeuka ma wingi unapokuja, au mi kama kwa Kilingala. Nyuma pana shina, cho au so au sho au tho. Hapo hakuna sadfa, kwa sababu mabadiliko yana utaratibu na yanarudi katika maneno mengine. Mswahili hahitaji kwenda chuo kikuu cha Leiden kulisomea hili. Mvita wa Mombasa husema “jito” na “mato” pale ambapo Unguja na Tanga mjini tunasema jicho na macho. Basi mwulize Mvita huyohuyo maneno mengine. Mchele kwake ni “mtele”. Mchanga ni “mtanga”. Kucheka ni “kuteka”. Nchi ni “nti”. Penye ch yetu pana t yake, mara baada ya mara. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mombasa, na sisi wajukuu tulijua tangu utoto kwamba “mtele” wake ndio mchele wetu, kabla hatujasikia neno isimu. Hiyo ndiyo sayansi ambayo Mjerumani Wilhelm Bleek aliitumia alipozikusanya lugha hizi na kuzipa jina la Kibantu katika kazi aliyoichapisha mwaka 1862: hakutafuta neno moja linalofanana, alitafuta utaratibu wa ngeli na wa sauti unaojirudia.

Sisemi kwamba Kiswahili hakijaazima. Kimeazima sana, tena kwa fahari. “Meza” na “leso” ni za Wareno, waliokaa Mombasa hadi wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. “Shule” ni ya Wajerumani, na “hela” ni “Heller” yao, iliyoanza kuhesabiwa mia kwa rupia moja mwaka 1904. Hata vijineno vya sarufi tumeazima, na hapa najua mwandishi wenu angenishika: “lakini”, “au”, “wala”, “baada”, “bila”, vyote ni vya Waarabu. Ni kweli. Lakini tazama vilivyofika. Vilifika kwa karne nyingi za kuoana, kufanya biashara, kusoma chuoni na kuswali pamoja, na hadi leo kila kimoja kinafanya kwetu kazi ileile kinachoifanya kwa Mwarabu. “Lakini” ni lakini huko na huku. Sasa nionyesheni njia ya “je” ya Mholanzi. Waholanzi walikishambulia Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1607 na tena mwaka 1608, wakashindwa kuiteka ngome ya Wareno. Mwaka 1652 wakaweka kituo chao Rasi ya Tumaini Jema, mbali sana kusini. Hawakuitawala Lamu, Mombasa, Unguja wala Kilwa. Wafaransa walifika Kilwa kununua watumwa, na mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa huko kwa ajili ya biashara hiyo chafu. Je, mtu anayekununua hukuachia neno lake la “mimi”, nawe ukaligeuza kuwa swali, ukalibandika nyuma ya kila kitenzi, na watu wa bara na visiwani wakalipokea bila kubakiza alama yoyote ya maana yake ya kwanza? Kuazima hakuendi hivyo.

Mama mmoja kutoka Bukavu, ambaye wanawe wawili wako kwenye darasa langu, anasema Kifaransa na Kiswahili toka utotoni, na huku amejifunza Kiholanzi. Kinywani mwake zimo “je” tatu: ya mimi, ya wewe na ya swali. Nilimwuliza kama zimewahi kumchanganya. Alishangaa kuulizwa. Alisema hajapata hata siku moja kuzifikiria pamoja mpaka alipoiona ile picha kwenye simu, kwa sababu kila moja ina nyumba yake na watu wake. Naona jibu lake lina uzito, maana ndiye anayezitumia zote tatu kila siku.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni hili. Mtu akiwaletea maelezo kwamba neno fulani limetoka mahali fulani, kabla hamjayachapisha mwombeni aeleze mambo matatu: neno hilo linafanya kazi gani katika kila lugha anayoitaja, lina ndugu gani katika lugha za majirani zetu, na lilipita njia gani kutufikia. Asiyeweza kueleza, maelezo yake yasubiri. Safu yenu inasomwa na walimu, na kinachoandikwa humo huandikwa ubaoni kesho yake.

Na kama mtapenda, anzeni na jicho. Wasomaji wenu wako Mbeya, Mwanza, Machakos, Bujumbura, Goma, Maskati na kwingineko, na wengi wana lugha ya nyumbani mbali na Kiswahili. Waombeni wawatumie neno lao la jicho na neno lao la macho, mtu ataje lugha na mahali, nanyi myapange yote kwenye ukurasa mmoja. Nitauchapa ukurasa huo kwa ajili ya darasa la Jumamosi, kila mtoto apate nakala yake.

Wenu katika Kiswahili,
Mwalimu wa Jumamosi, mzaliwa wa Tanga
Utrecht, Uholanzi